Macho Yangu na Vitufe Visivyo na Majina

Huenda ukurasa huu unasomewa na mtu mwingine kwa sababu wewe huuoni. Kama ni hivyo, mwambie asiharakishe. Mimi nilisomewa mambo mengi haraka haraka katika miaka hiyo, maagizo ya dawa, matangazo ya ofisini, hata majina ya watu waliokuja kunitazama, na nilichohitaji zaidi ni mtu wa kusoma polepole na kuniachia nafasi ya kuuliza.

Jina langu ni Kerubo. Nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya wakulima wa chai mjini Kisii. Vituo vya kununulia majani mabichi, vya upande wa Itumbe na vya milima ya Nyamira, vilituletea karatasi za uzani, na kazi yangu ilikuwa kuingiza kilo za kila mkulima kwenye mashine. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na skrini nyeusi na maandishi ya kijani, basi. Hakuna picha, hakuna urembo. Nilizipenda. Vidole vyangu viliijua kibodi hivi kwamba niliweza kupiga soga na Bosibori, karani mwenzangu, huku kazi ikiendelea.

Mwaka ambao binti yetu Moraa alianza chekechea, mvua ndefu zikielekea kwisha, jicho langu la kulia liligeuka jekundu. Nilidhani ni moshi. Tulikuwa tumetoka Nyamira kwa mama mkwe, na jikoni kwake kuni huwa mbichi msimu ule. Kliniki ya mtaani ilinipa mafuta ya kupaka, nikapaka. Kisha mwanga ukaanza kuniuma. Nilitembea mjini na leso usoni kama mtu aliyefiwa. Madoa meusi yakawa yanaelea mbele yangu kama majani katika chai isiyochujwa, na nikigeuza jicho nayo yanageuka.

Mume wangu Ombati ni mwalimu. Aliomba ruhusa shuleni akanipeleka hospitali ya macho iliyoko mbali, upande wa ziwa. Daktari alitazama kwa muda mrefu, akahamia jicho la pili, akatazama tena.

"Kuna uvimbe ndani ya jicho," alisema. "Na hili la kushoto nalo limeanza."

"Umetokana na nini?" niliuliza.

"Mara nyingi hatujui, mama. Tunachojua ni kuuzuia."

Mengine yote kuhusu ugonjwa wenyewe daktari wako atakueleza kuliko mimi. Mimi ninaweza kukueleza habari za benchi.

Benchi la hospitali ya macho si kama benchi la hospitali nyingine. Muuguzi anapita na chupa ya matone ya kupanua mboni, anamtia kila mtu, kisha wote mnakaa mmefumba macho, mmeegemea ukuta, mkisubiri dawa ishike. Ukumbi mzima wa watu waliofumba macho. Sauti zinakuwa kubwa. Unajua nani amevaa viatu vipya, nani amebeba ndizi mbivu, nani analia bila kutoa sauti. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya tatu nilikuwa na marafiki. Mama mmoja muuza samaki alikuwa na desturi ya kufumbua jicho lake zima na kututangazia wengine: "Mvua inakuja kutoka ziwani, wenye nguo kwenye kamba mkumbuke." Tulikuwa mbali na kamba zetu za nguo, lakini tulicheka. Na kulikuwa na muuguzi aliyeshika kichupa cha matone katika kiganja chake mpaka kikapata joto kabla ya kukutia. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Miaka imepita na bado ninamwombea.

Nilipewa vidonge vyeupe. Vilituliza maumivu, na kwa hilo ninavishukuru, lakini vilinibadilisha mwili. Uso uliumuka kama unga wa mandazi. Mashavu yaliinuka yakakaribia kufunika yale macho yenyewe. Njaa iliyonishika haikuwa njaa ya kawaida. Ningemaliza obokima, ule ugali wetu, wa watu wawili na bado nikakwangua sufuria. Usingizi ulikimbia. Nywele laini ziliota kidevuni. Moraa alinishika uso siku moja akauliza, "Mama, wewe pia utanyoa kama baba?"

Kanisani Nyanchwa, siku ya Sabato, watu walinipongeza. "Kerubo umenawiri! Mwalimu anakutunza." Miaka ile watu walikuwa wanaogopa mtu anayekonda, kwa hiyo mtu aliyenenepa alionekana mzima kabisa. Nilikuwa nasimama katikati ya pongezi hizo bila kuona sura ya anayenipongeza.

Jicho la kulia lilizimika wakati wa kuvuna mahindi. La kushoto lilishindana, likapungua kidogo kidogo, na mahindi ya msimu uliofuata yalipopandwa nilikuwa nimebaki na kidirisha cha mwanga upande mmoja. Ningeweza kutofautisha mlango na ukuta. Skrini ya ofisini sikuiona tena.

Sasa nikwambie jambo ambalo hakuna aliyenionya juu yake. Ukianza kutoona, watu wanaanza kuzungumza na aliye karibu yako. "Anaendeleaje?" wanamuuliza Ombati, nami nimesimama hapo hapo. "Anakunywa chai ya maziwa?" Na Ombati akajibu. Alijibu kwa upendo, kwa haraka, ili kuniondolea taabu. Nyumbani alisogeza viti ili nisijikwae, nami nikajikwaa kwa sababu vilisogezwa. Mama mkwe alikuja na dada wawili wa maombi, wakaomba vizuri, na baadaye nikamsikia akimwambia mwanawe kwa Ekegusii, sebuleni, kwamba ni afadhali nirudi Nyamira nikakae kivulini, nisimenye hata ndizi. Alisema kwa huruma tupu. Huruma ile iliniumiza kuliko ugonjwa.

Nilimpata Bwana Ouma kwenye lile benchi. Alikuwa opereta wa simu katika mji wa ziwani, kipofu tangu ujanani, na alikuja kliniki kwa sababu macho yake, ingawa hayakuona, yalikuwa bado yanamuuma. Alisikia nikimwambia muuza samaki kwamba nilikuwa karani wa kompyuta.

"Ulikuwa, au wewe ni?" aliuliza kutoka mwisho wa benchi.

"Nilikuwa."

"Ungali unakumbuka kibodi?"

"Hiyo siwezi kuisahau."

"Basi usiseme ulikuwa."

Alinieleza kwamba kazini kwake kuna kisanduku kinachounganishwa na kompyuta kwa waya, na ndani ya kompyuta kuna programu ya kusoma skrini. Chochote kinachoandikwa, kisanduku kinakitamka. Nilidhani ananiliwaza. Ombati, niliyedhani angekataa, alimwomba atuonyeshe. Tulipotoka kwa daktari tulikwenda ofisini kwake, na nikasikia mashine ikisoma herufi nilizobonyeza mimi mwenyewe: k, e, r, u, b, o. Nikabonyeza kitufe cha nafasi, ikatamka neno zima, vibaya sana, kama mzungu mwenye mafua. Nililia pale pale. Bwana Ouma alingoja.

"Kila mtu hulia," alisema. "Halafu hulalamikia matamshi."

Chama cha wasioona ambacho yeye ni mwanachama kilikuwa na visanduku vilivyotumika, vya kuazimana. Changu kilifika mvua za vuli zilipoanza. Meneja wetu, Bwana Mogaka, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Tujaribu," akaondoka. Bosibori akawa ananisomea karatasi za uzani, mimi nainamisha sikio kwenye kisanduku, vidole vinakwenda. Ile programu yetu ya zamani ilikuwa maandishi matupu kutoka juu hadi chini, kwa hiyo yule msomaji wa kwenye kisanduku hakukosa cha kusoma. Majina ya wakulima wetu aliyavunjavunja. Nyaboke alimfanya mtu ambaye hata mama yake asingemtambua. Lakini kila mmoja alimvunja kwa namna ileile kila siku, na masikio yangu yakayazoea. Mama mkwe alipokuja ofisini kunitazama alisikiliza kidogo akauliza, "Na huyo mzungu, hamumpi dawa ya kikohozi?" Ilikuwa mara ya kwanza kucheka naye tangu niugue.

Nilifanya kazi hivyo misimu kadhaa. Vidonge vilipunguzwa, uso ukaanza kunirudia. Nilidhani tumevuka.

Kisha ofisi ikaamua kubadilisha kompyuta. Mashine mpya zilikuwa za madirisha na kipanya, na programu mpya ya uzani ilitengenezwa hapa hapa mjini na Hitesh, kijana wa ile familia ya Kihindi yenye duka la vifaa vya ofisi karibu na soko. Baba yake aliuza karatasi na kalamu mbele, Hitesh akatengeneza programu nyuma. Wote ofisini waliisifu. Bosibori alinieleza: kuna picha ya jani la chai, unaibonyeza, uzani unaingia, kuna picha ya mizani, kuna picha ya kikapu. "Inapendeza kweli," alisema.

Bwana Ouma alinitumia toleo jipya la msomaji, linaloelewa madirisha. Tuliliweka. Ukiandika barua, lilisoma kila neno. Ukifungua orodha za kompyuta yenyewe, lilisoma. Ukifungua programu ya Hitesh, lilisema, "Mchoro." Ukisogea, "Mchoro." Ukisogea tena, kimya.

Juma lile Bwana Mogaka aliniita. "Kerubo, usiwe na wasiwasi," alianza, na mwili wangu wote ukaingiwa na wasiwasi. "Mwalimu na mimi tumeshazungumza. Utastaafu kwa sababu ya afya. Tutafanya kwa heshima."

"Mwalimu gani?"

"Mumeo."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Ombati alikuwa anasahihisha madaftari mezani. Nilimuuliza kama ni kweli amekwenda kunimalizia kazi bila kuniambia. Alisema ni kweli.

"Kwa nini, Baba Moraa?"

Niliisikia kalamu yake ikiwekwa chini. "Unakumbuka ile Jumatano ulisema ulirudi na Bosibori mkicheka njia nzima?"

"Nakumbuka."

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Bosibori alikuwa amesimama kununua vitunguu, wewe ukashuka barabarani peke yako. Mkokoteni uliobeba magunia ulikuwa unateremka na mwenyewe ameshindwa kuushika. Ulipita hapa." Akaugusa mkono wangu juu ya kiwiko. "Hukujua. Ulikuwa bado unacheka. Mimi nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Tangu siku hiyo sifundishi vizuri, Mama Moraa. Nasimama mbele ya watoto nangoja mtu aje kuniita."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya usiku kucha na ghafla sikuwa na mahali pa kuiweka. Nilimwambia ameogopa, na ana haki ya kuogopa, lakini hana haki ya kuogopa kwa niaba yangu hadi kwa meneja. Nikamwambia kama ni barabara, anifundishe kushika fimbo, nami nitaacha kuona haya. Nilikuwa nimeikataa fimbo miezi mingi kwa sababu sikutaka kuonekana. Tulikubaliana hivyo wote wawili tukiwa tumechoka. Kesho yake alikwenda nami kwa Bwana Mogaka akasema, "Nilikosea. Msikilize yeye."

Niliomba nafasi ya kuzungumza na Hitesh. Bwana Mogaka alisema programu itaanza kutumika majani yatakapokuwa mengi, mvua ikishakolea. Kama kufikia hapo ninaweza kuitumia, nibaki. Kama siwezi, hana kazi nyingine ya kunipa.

Hitesh alizaliwa Kisii. Nilipoingia dukani kwao na fimbo yangu mpya alinisalimu, "Bwakire," nikamjibu, "Bwakire buya," akaniletea kiti. Mama yake akaleta chai yenye tangawizi kabla hata sijasema nilichojia.

"Nitakuwekea herufi kubwa," alisema Hitesh. "Kubwa hivi."

"Hitesh, hata ukiziandika ukutani."

"Basi huyo msomaji wako ameharibika."

Nilimwomba afungue programu ya kawaida ya kuandikia, ile inayokuja na kompyuta. Msomaji akasema kila kitu: kitufe, Fungua, kitufe, Hifadhi. Akafungua ya kwake. "Mchoro," akasema msomaji. "Mchoro." Hitesh akarudia mara kadhaa. Nilisikia kalamu yake ikigonga meza.

"Vitufe hivi nimevichora mwenyewe," alisema hatimaye. "Vile vya kompyuta vilikuwa vya kijivu, vibaya. Nilitaka vyangu vipendeze."

"Vinapendeza. Nimeambiwa."

"Lakini kwake ni rangi tu."

Alikuwa na diski yenye maelezo ya watengenezaji wa programu, akaanza kuyasoma siku hiyohiyo. Nilipokuja tena alinieleza, na alieleza vizuri hivi kwamba ninaweza kukueleza wewe. Ndani ya kompyuta kuna mlango kati ya programu na msomaji. Msomaji anabisha na kukiuliza kila kitu kilichoko kwenye skrini: jina lako nani? Wewe ni kitu gani, kitufe au orodha au kisanduku cha kuandikia? Na sasa hivi uko katika hali gani? Vile vitufe vya kijivu vimefundishwa kujibu na waliovitengeneza. Kitufe kilichochorwa na mtu hakijui jibu lolote, mpaka aliyekichora akifundishe.

"Kwa hiyo msomaji wako anauliza," alisema Hitesh, "na programu yangu inamtazama tu."

Alianza kufundisha. Mara ya kwanza kila kitufe kilijiita "Hifadhi". Jani ni Hifadhi, mizani ni Hifadhi, kikapu ni Hifadhi. Tulicheka mpaka baba yake akaja kutoka mbele kuuliza kuna nini. Mara ya pili vitufe vilikuwa na majina yao, lakini orodha ya wakulima ilikuwa bubu. Alirudi kwenye maelezo yake. Nami nilikuwa nikimwambia mambo ambayo hakuwa na sababu ya kuyajua, kwamba jina refu linachosha sikio, kwamba ukiweka neno "kitufe" ndani ya jina msomaji atalitamka mara mbili.

Katikati ya kazi hiyo jicho la kushoto likawaka tena. Niliamka na maumivu ya zamani, mwanga ukawa moto. Nilirudi kwenye benchi la ziwani, vidonge vikaongezwa tena, na safari hii daktari alinichoma sindano pembeni mwa jicho. Nakwambia ukweli: kinachotisha ni kuisubiri. Yenyewe ni shinikizo, kisha machozi. Shika mkono wa mtu. Mimi nilishika wa Ombati, na daktari alipouliza, "Anasikia maumivu wapi?" Ombati alikaa kimya kabisa. Kimya chake kilikuwa kirefu mpaka daktari akaelewa, akaniuliza mimi.

Kidirisha changu cha mwanga kilipungua baada ya hapo. Mlango na ukuta vikawa kitu kimoja. Nililala kitandani siku kadhaa, nimegeukia ukuta, nikisikia mvua ikipiga mabati kila alasiri. Majani yalikuwa yanakomaa milimani na mimi nilikuwa nimelala. Mama mkwe alikuja tena kutoka Nyamira. Nilimsikia akikaa kitandani, nikajiandaa kusikia habari za kivuli. Badala yake alinipangusa kichwa akasema, "Yule Muhindi amepita mara mbili. Anasema orodha imeanza kusema. Sijui ni kitu gani, lakini nimemwambia utakuja."

Niliinuka.

Siku ya majaribio ofisi ilijaa. Bwana Mogaka alisimama nyuma yangu, Hitesh pembeni, na Ombati, shule zikiwa zimefungwa, alikaa karibu na mlango. Bosibori alisoma karatasi, mimi nikashuka kwenye orodha kwa mshale, msomaji akitamka majina, nikisikia jina nilitakalo naingiza kilo. Ilikwenda vizuri. Nilisikia Bwana Mogaka akisema, "Vizuri. Vizuri sana," na Ombati akishusha pumzi.

Nina mazoea. Nikishaingiza kilo, wakati mwingine namwambia msomaji anisomee mstari wote tena. Bosibori alikuwa ametaja Nyaboke, kilo ishirini na tatu. Nilimsikia msomaji akisema Nyaboke, nikaingiza. Nilipomwomba arudie mstari, akasema, "Nyabuto, ishirini na tatu."

Hakuna aliyegundua. Wote walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza. Ningeweza kunyamaza, nikamweleza Hitesh faraghani baadaye. Kazi yangu ilikuwa imeshapatikana. Neno limetoka kinywani mwa meneja. Lakini Nyaboke nilimjua kwa sauti. Alikuwa na mashina machache ya chai nyuma ya nyumba na kila mwezi alikuja dirishani kuulizia majani yake.

"Samahani," nilisema. "Hapa kuna kosa. Kilo za Nyaboke zimekwenda kwa Nyabuto."

Bwana Mogaka aliinama juu ya bega langu.

"Kosa lako au la mashine?" aliuliza Bwana Mogaka.

"Sijui bado."

Hitesh alichukua kiti akakaa karibu nami. Aliniomba nishuke mstari mmoja, kisha mwingine, yeye akitazama na mimi nikisikiliza. Kile alichokiona na kile nilichokisikia havikulingana.

"Ni kosa langu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Programu inamwambia msomaji kwamba tumehama kabla haijahama. Kwa hiyo anasoma jina la nyuma, na kilo zote za leo zimeingia kwa jina linalofuata. Inatakiwa ihame kwanza, ndipo iseme. Nipeni mpaka Jumatatu."

"Kwa hiyo haifanyi kazi," alisema Bwana Mogaka.

Nilimsikia akitembea hadi dirishani na kurudi.

"Jumatatu," alisema. "Na hakuna karani atakayeitumia mpaka Kerubo aseme iko sawa."

Ilikuwa sawa Jumatatu. Nilirudia orodha yote, kutoka juu hadi chini na chini hadi juu, kila jina nikiliuliza mara ya pili, Hitesh akingoja kimya kama mtu aliye kwa daktari.

Nimeandika haya sasa kwa kuwa ugonjwa umelala. Ndilo neno la daktari, umelala. Vidonge vimekwisha, mashavu yangu yamerudi kuwa yangu, kidevu pia. Matone nayatia asubuhi na jioni, na kliniki naenda mvua ikianza na mvua ikiisha. Kuona sioni. Kama wewe ndiyo kwanza umeambiwa, utataka kujua kama inazoeleka. Kuna siku inazoeleka. Kuna siku namsikia Moraa akicheka na natamani kuona meno yake mapya mpaka mikono inauma. Siku hizo sifanyi kitu cha maana, na sasa najua si lazima. Usikubali ofisi au nyumba ikuamulie haraka. Mwambie mwenzako anachokosea, na msikilize anachoogopa. Na ukipewa mashine isiyosema, usidhani kwamba wewe ndiye umeharibika. Tafuta aliyeitengeneza.

Juzi Hitesh aliniita dukani. Wakulima wanataka programu ya kugawia mbolea, akasema, na ameianza. Ombati alikuja nami, akasimama nyuma ya kiti changu. Nilianza kusogea kwa kibodi. Jina la mkulima, kisanduku cha kuandikia. Kituo, orodha. Magunia, kisanduku cha kuandikia. Hifadhi, kitufe. Mambo yote yalikuwa mahali pake na nilikuwa nimeshaingiza mkulima wa kwanza.

"Lakini hapa hakuna kitu," alisema Ombati. "Naona viboksi vya kijivu vitupu tu."

"Picha bado, Mwalimu," alisema Hitesh. "Safari hii nimeanza na majina."

Ombati alivuta kiti akakaa. Nilisikia akiinama karibu na skrini, akiitazama kwa muda, kisha akinigeukia.

"Hiki cha kwanza," aliniuliza, "ni cha nini?"